Inashughulikiwa

Neno ni moja tu, refu kama foleni:
inashughulikiwa.
Leo siku ya kumi na tisa nalisoma.
Nimelikata vipande kama mwalimu wa sarufi:
i ya fomu yangu, na ya wakati huu,
shughuli katikati, kama arusi ya watu,
na mwishoni wa, kauli ya kutendwa,
inayomficha mtenda.
Nani, basi? Ana jina? Amekunywa chai?

Tuko watatu, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
dukani kwa Shekiondo wa fotokopi,
anayetuuzia intaneti kwa dakika
na viti bure.
Chuo cha Hiza kilifungwa katikati ya muhula.
Nuru aliacha uuguzi Dodoma, damu ilimshinda.
Mimi mama aliugua, nikarudi Tanga
na nakala za matokeo zilizogongwa mihuri
mpaka karatasi ikachoka.

Watu wa uhamisho:
si wageni, hatujawa wenyeji.
Masomo yangu saba wameyapokea,
matatu wameyarudisha
kama machungwa ya Muheza yaliyobonyea.
Mkopo ulibaki tulikotoka.
Uliopo ni huu ufadhili wa waliofaulu sana,
nafasi sita.
Waombaji wangapi? Shekiondo anasema mia.
Nuru anasema mia tatu,
na akikosa usingizi, mia tano.

Mji huu husemwa waja leo, waondoka leo.
Sisi kuja tumekuja.
Kuondoka kunangoja sahihi.

Jana simu ilinguruma, sote watatu tukajipapasa.
Ilikuwa yangu.
Hongera! Umechaguliwa
(moyo ukashuka mlima bila breki)
kupata dakika kumi za bure
hadi saa sita usiku.
Nuru alicheka mpaka akalia,
kisha akalia tu.

Nyumbani baba ananyoosha ringi za baiskeli za watu.
Haulizi.
Anazungusha gurudumu, anatega sikio,
anakaza spoku moja, analegeza nyingine,
anazungusha tena.
Mwezi uliopita aliuza baiskeli yake mwenyewe,
akasingizia magoti.
Ikawa ada ya maombi, na mihuri,
na picha ndogo nne
nilizopiga nimekaza uso
kama mtu asiyehitaji msaada wowote.

Leo asubuhi Hiza alitangulia kufika.
Hiza, mwenye kukata andazi moja mara tatu,
mwenye daftari la madeni ya shilingi mia,
aliagiza chai ya maziwa kwa wote,
na maandazi, na sahani ya mihogo,
akatoa noti,
akasahau chenji.

Sikumuuliza.
Alizungumza habari za mvua, za mpira,
za bei ya saruji, ambayo hajawahi kuinunua.
Simu yake ilikuwa imelala kifudifudi mezani
kama mtoto aliyekatazwa kucheka.

Zimebaki tano, nikahesabu kimoyomoyo,
halafu nikaona haya,
kwa sababu nilihesabu kwanza
na furaha ikaja baadaye,
ikichechemea.

Hiza, nikamwambia, chenji yako.
Akanitazama. Akaona kwamba nimeona.
Nuru alikuwa analowesha andazi,
hana habari, na sote wawili
tukamwachia asubuhi yake.
Kaa nayo, Hiza akasema,
sauti ndogo, kama anayeomba radhi
kwa kumkanyaga mtu.

Dada, dakika zako zimekwisha, Shekiondo akaita.
Nikuongezee?

Nikaziweka sarafu za Hiza juu ya meza, zote.
Ukurasa ukaanza kuja kutoka juu, kwa kusitasita:
nembo ya chuo, jina langu, namba yangu,
kisha kile kiduara,
kinazunguka, kinazunguka,
nami nikainama karibu nacho,
nikatega sikio.